Mashuka ya Mwalimu

Mtaani walimwita Kiwiko. Jina hilo hakulipenda, ila lilimkaa kama suruali ya kupimwa. Milango aliisukuma kwa kiwiko, taa aliiwasha kwa kiwiko, na ukimpa mkono alikutolea kiwiko hichohicho huku akisingizia kwamba viganja vina sabuni. Kisingizio kilipita, maana kazi yake ilikuwa udobi.

Dobi anayeogopa nguo za watu. Mkewe alilisema hilo mbele ya wageni, akaongeza, "Huyu angekuwa mpishi, angeogopa sufuria." Watu walishika mbavu. Kiwiko alicheka nao, ingawa kwake haukuwa mzaha. Aliwahi kupata fangasi wa vidole, pengine kutoka kwenye taulo la mteja, pengine kwingineko. Wateja walipoyaona mabaka mikononi mwake walihama kimyakimya. Ngozi ilipona, hofu ikabaki. Alifua kwa glavu mbili mbili, na kikombe chake kilitundikwa peke yake ukutani, hata wanawe hawakukigusa.

Basi siku moja akaja Mwalimu, mama mstaafu aliyewafundisha kusoma watoto wote wa Kiwiko. Mumewe alikuwa amepigwa na kiharusi, hatoki kitandani, na vidole vya Mwalimu mwenyewe vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi. Aliweka furushi la mashuka juu ya meza.

"Ni ya Mzee," alisema. "Mimi kukamua siwezi tena, mwanangu."

"Usijali, Mwalimu. Njoo Ijumaa."

Alipoondoka, Kiwiko alilifungua furushi. Harufu ya dawa ilimpanda puani. Shuka la juu lilikuwa na doa la manjano lenye ukingo mwekundu. Akalifunga upesi, akalisukuma kwa mguu hadi pembeni. Kila asubuhi alijiambia leo atafua, na kila asubuhi zilipatikana nguo za mtu mwingine za kuanza nazo.

Ijumaa ikafika, furushi liko palepale. Kwa nini hakusema ukweli? Alimwonea haya Mwalimu. Akajipa moyo kwamba moto wa pasi unaua kila kitu, na kwamba mashuka yenyewe hayakuwa machafu kiasi hicho. Akayanyunyizia marashi, akayapiga pasi juu juu, akayakunja madoa yakae ndani. Mwalimu alipokuja aliyanusa, akatabasamu, akashukuru.

Kesho yake alirudi. Hakugomba. Alikunjua shuka juu ya ubao wa pasi, akaonyesha kwa kidole. Kipande cha plasta ya kidonda kilikuwa kimegandamana na kitambaa, kimeungua kwa moto wa pasi.

"Nilikuwa namtandikia," alisema. "Hukufua."

Nyuma ya Kiwiko mkewe, aliyekuwa akianika, aliacha kuanika.

"Ni vidonda vya kulala sana," Mwalimu aliendelea taratibu. "Haviambukizi. Ungeniuliza ningekwambia."

Alilikunja shuka mwenyewe, kwa shida, vile vidole havikunjiki, na Kiwiko akasimama tu kama gogo, hata kumsaidia akashindwa. Mwalimu alipotoka, mkewe hakutia utani wowote. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alisema tu, "Mume wangu, hapa umetuaibisha."

Jioni Kiwiko alipiga moyo konde akaenda kwa Mwalimu kuomba radhi. Mzee alilazwa sebuleni, mdomo umeenda upande. Kiwiko alitoa shikamoo, akaanza kujiumauma. Mzee hakungoja amalize. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima.

Kiwiko aliushika. Ulikuwa mkavu, una joto. Aliushika mpaka Mzee alipouachia mwenyewe, na kwa dakika ile alidhani amepona.

Lakini alipofika uani alijikuta ameutenga mkono wake na mwili, vidole vimetanuka, kama aliyeshika rangi mbichi. Bomba lilikuwa kando ya ukuta. Alinawa, akanawa tena, akijichukia huku akisugua. Alipoinua macho, Mwalimu alikuwa dirishani. Alishusha pazia polepole.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja na kifurushi kidogo.

"Haya nimeshafua," alisema. "Piga pasi tu."

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwenye viungo. Mashuka yalikuwa meupe, ila hayakukamuliwa vizuri, pindo bado bichi.

"Mwalimu, ya wiki ijayo niletee nifue mimi. Nakuomba."

"Tutaona, mwanangu," alijibu, akakaa kwenye benchi kusubiri, macho yake kwenye pasi.