Mwache Asome

Nakumbuka Desemba moja, mwanangu, mvua za kwanza zilipokuwa zimekwishalowesha ardhi na pori la nyuma ya nyumba yetu limeanza kutoa uyoga. Leo tunakaa hapa Lizaboni, uyoga tunaukuta sokoni umepangwa mafungu, na aliyeuchuma humjui wala hakujui. Lakini mvua zinapoanza, moyo wangu hurudi kijijini kwetu, kwenye barabara ya kwenda Madaba, kwa dada yangu Leonsia na mdogo wetu Kasto. Sikuwahi kukusimulia habari zao za siku zile. Ila jana binti yako alikuja jikoni akataka kukusaidia kuchambua mboga, nami nikakusikia ukimwambia, "Toka hapa, nenda kasome." Ulisema kwa upendo, najua. Baba yangu naye alikuwa akisema kwa upendo. Ndiyo maana nimekuita. Kaa hapa kwenye mkeka.

Tulikuwa watoto watatu. Leonsia mkubwa, mimi katikati, na Kasto kitindamimba, ambaye siku hizo alikuwa bado anatamka "Leonsia" kwa shida, akamwita Yosa, na sisi sote tukaiga. Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa na nyumba yake palepale uani. Leonsia alikuwa na kichwa chepesi sana. Alipofaulu kwenda sekondari ya bweni, msichana wa kwanza kijijini kwetu, baba alichinja mbuzi na akalia mbele za watu bila kuona haya. Usimcheke. Yeye aliishia darasa la nne, akatolewa shuleni akalime tumbaku ya baba yake, na uchungu ule haukuwahi kumtoka. Akaapa kwamba binti yake hatashika jembe. "Mkono wa kalamu," alikuwa akisema, "haushiki mpini."

Basi Leonsia akija likizo alikuwa mgeni kwao. Mama alimtengea maji ya kuoga. Mimi nilitwanga, nikachota maji, nikakoka moto. Yeye yuko ndani na vitabu vyake. Usidhani alifurahia. Wasichana wa rika lake wakimkuta kisimani walikuwa wakisogea pembeni na kusema, "Mpisheni mgeni, msije mkamlowesha." Alikuwa akicheka nao, lakini akifika nyumbani ananyamaza.

Siku moja alitoka ndani na kikapu mkononi. Mimi na Bibi tulikuwa tunakwenda porini kuchuma uyoga. "Bibi," akasema, "leo naenda nanyi." Uso wa Bibi ukachangamka. Lakini baba alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe, na hata kichwa hakuinua.

"Leonsia, una mtihani mbele yako. Mama, mwache asome. Uyoga utamsaidia nini?"

Bibi alifungua kinywa, kisha akakifunga. Tukaenda wawili. Nilipogeuka nilimwona dada yangu bado amesimama pale pale, kikapu kinaning'inia.

Nieleze kidogo habari za uyoga, maana ninyi wa mjini hamjui. Kuna unaoota kwenye vichuguu, kuna unaoota chini ya miti, kuna ambao ndugu wawili wanafanana kama mapacha, mmoja chakula na mwingine kifo. Bibi hakuwa na kanuni moja ya kukuambia ukaondoka nayo. Alikuwa anakuonyesha huu, mwaka wa pili anakuonyesha tena, anakufanya uushike, uunuse, uchimbe mguu wake uuone. Ukimwuliza, "Na huu je?" naye hana hakika, anaupiga teke. "Usioujua, usiuchume," alikuwa akisema. Ni somo la miaka, halina likizo, na mwalimu wake ni mtu uliye naye.

Desemba hiyo ninayoikumbuka, mjomba wetu alifariki huko Madaba, baba na mama wakaenda kwenye kilio. Mimi na Bibi tulikuwa kwa baba mdogo, ng'ambo ya bonde, tunamsaidia kupalilia. Leonsia akaachwa nyumbani na Kasto, na jirani yetu Mama Oswini akaombwa awapikie. Siku ya pili Leonsia akamwambia yule mama, "Asante, leo usihangaike, nitapika mwenyewe." Mama Oswini alitusimulia baadaye jinsi msichana alivyosema hayo kwa furaha.

Tulirudi asubuhi iliyofuata. Leonsia alikuja kutupokea njiani, amejifunga kanga ya mama kiunoni, mikono ina masizi. "Shikamoo Bibi!" Akatukaribisha ndani kama mwenye nyumba. Alikuwa ametubakizia bakuli, amelifunika vizuri na sahani. Uyoga wa karanga, aliouchuma mwenyewe nyuma ya nyumba. Akasema Kasto ana tumbo linamsumbua tangu alfajiri, na yeye pia kidogo, labda ni maji ya kisima. Kisha akaweka bakuli mbele ya Bibi, akasimama akisubiri kusifiwa.

Bibi akafunua. Akachukua kipande kimoja kwa vidole, akakigeuza, akakinusa. Nami nilichungulia. Mwanangu, nilikuwa na umri kama wa binti yako, na niliujua uyoga ule.

"Nani amekula?" Bibi akauliza, polepole sana.

"Mimi na Kasto, jana jioni. Mimi nilikula kidogo, Kasto ameupenda, nikamwachia." Akaona uso wa Bibi. "Bibi? Nilisoma kitabuni. Wameandika uyoga unajenga mwili."

Bibi aliinuka. Alitoka nje akapiga yowe, na wanaume wakaja na baiskeli.

Tuliwafikisha hospitali ya misheni. Baba na mama walifuatwa Madaba wakaja. Leonsia alitapika mpaka akabaki kama kitambaa, kisha akaanza kupona. Kasto naye tukadhani amepona. Aliinuka kitandani, akaomba uji, akaunywa wote, akamwita Yosa aje kucheza naye. Mama alicheka kwa sauti. Muuguzi alikuwa dada mmoja mpole, na yeye hakucheka. Alimchukua baba pembeni akamwambia kwamba sumu ya namna hii ina tabia ya kujificha, tusifurahi mapema. Baba hakutaka kumsikia. Baadaye macho ya Kasto yakawa ya manjano, kisha ngozi, kisha akawa hatutambui. Alifariki mchana, jua linawaka, mama amemshika miguu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tulimzika kijijini.

Watu walikaa matanga pale uani, na Leonsia alikaa na akina mama, amejifunika kanga kichwa kizima. Mzee mmoja wa ukoo, mwenye maneno mengi, akatikisa kichwa akasema, "Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mama alianguka chini palepale. Hapo baba akasimama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu ukikosa pa kwenda hushika cha karibu.

"Si mama yake!" akapiga kelele. "Ni shule! Miaka yote hii shule imemfundisha nini huyu mtoto? Anajua milima ya Ulaya, hajui kinachoota nyuma ya nyumba yao! Shule imeniulia mwanangu. Hakuna mtoto wangu atakayekanyaga huko tena!"

Watu wengi waliitikia. Wengine walikuwa wakilingoja neno hilo siku nyingi. Kisha Bibi akainuka, akishikilia nguzo ya baraza. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kumsemesha baba saa ile.

"Rainadi, mwanangu, keti."

Baba akaketi.

"Walimu uliwapa mtoto wamfundishe hesabu, wakamfundisha hesabu. Kiingereza, wakamfundisha Kiingereza. Uyoga wa pori hili hawaujui, wengi wao wametoka mbali, na hukuwatuma. Uyoga ulikuwa wangu kumfundisha. Alinijia na kikapu mkononi, ukamrudisha, nami nikanyamaza, kwa sababu nilijiona mjinga mbele ya vitabu. Kama unatafuta aliyekosa, tuanze na sisi wawili. Huyu binti usimguse. Alichotaka ni kuwa mtoto wa nyumba hii."

Nilimwona baba amefunika uso kwa mikono yake, analia. Hakumwendea Leonsia. Nadhani alitaka, ila hakujua aanzie wapi, na siku ile ikapita. Siku kama ile ikipita, mwanangu, hairudi.

Shule zilipofunguliwa, Leonsia hakwenda. Safari hii baba hakumkataza, maneno ya Bibi yalikuwa yamemwingia. Yeye mwenyewe alikataa. Bibi alimsihi, padri alikuja kumsihi, hata mwalimu mmoja alisafiri akaja. Alikuwa anawasikiliza wote kwa heshima, kisha anachukua jembe anaenda shambani. Alishika kila kazi aliyokatazwa, kama mtu anayelipa. Sanduku lake la bati la shule mama akalifanya la kuwekea nguo. Mimi nilirudi shule kwa amri ya Bibi. "Huyu asubuhi ataenda kwa walimu," alimwambia baba, "na jioni atakuja kwangu." Ikawa hivyo mpaka Bibi alipofariki, na ndivyo nilivyokuja kuwa mwalimu unayemjua.

Lipo jambo moja ambalo limenikaa kifuani kuliko yote. Ilikuwa miezi mingi baada ya msiba. Mimi na Leonsia tulikuwa tunatwanga mahindi, kinu kimoja, michi miwili, tunapokezana. Akaacha ghafla. Mchi wangu ukashuka peke yake.

"Ule uyoga," akasema, "wewe ulikuwa unaujua?"

Nikatamani kumdanganya. Nikashindwa. "Ndiyo, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Bibi alinionyesha."

Aliniangalia. Hakukuwa na hasira machoni mwake, heri ingekuwepo. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa unasoma," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimempa jibu la haki, akainua mchi wake tukaendelea.

Aliolewa Madaba na mwanamume mwema, akazaa, watoto wote akawapeleka shule. Nilikuwa nikienda kumtembelea. Watoto wake walikuwa wakikwama na hesabu wanamletea, naye anaokota kijiti, anaifanya chini kwenye vumbi, upesi, vizuri kuliko nilivyoweza mimi mwalimu. Halafu anaifuta kwa mguu kabla mtu mzima hajaona. Mvua zikianza alikuwa akinitumia habari nije niwapeleke wanawe porini. Yeye alikuwa akibaki nyumbani. Uyoga hakuuonja tena mpaka tulipomzika mwaka jana. Kijiji kilisema kilimpoteza mtoto mmoja Desemba ile. Mimi nasema tulipoteza wawili, ila mmoja tulikaa naye miaka mingi bila kumwombolezea.

Sasa wewe utaniuliza, "Mama, kwa hiyo shule inafundisha ya maana au haifundishi?" Vijana mnaliuliza sana siku hizi, hasa wenye vyeti wanaokaa vijiweni. Nisikilize, maana nimekaa pande zote mbili, wa ubao na wa jiko.

Shule inafundisha. Yule muuguzi aliyeijua tabia ya sumu hakuijua kwa kuota ndotoni, na Leonsia alipona mikononi mwake. Ukimsikia mtu anaitukana shule kwa sababu ya uchungu wake, mhurumie, lakini usimfuate. Elimu ni bahari, na shule ni mtumbwi mmoja tu wa kuivuka. Mwenye mtumbwi akikubebea mtoto, usimlaumu kwamba hakukulimia shamba. Kosa ni pale mzazi anapomkabidhi mwalimu mtoto mzima mzima, kama gunia, akidhani atarudishiwa mtu aliyekamilika. Mwalimu ana watoto wengi na saa chache. Hajui kisima chenu, hajui ugonjwa wa ukoo wenu, hajui mnavyozika na mnavyosameheana. Hayo yako kwako, nawe usipoyatoa hakuna mtaala utakaoyatoa.

Kwa hiyo, mwanangu, msomeshe binti yako kwa nguvu zako zote. Ada yake tutahangaika nayo sote. Lakini akija jikoni, mpe nafasi. Akitaka kushika kisu, mwonyeshe kinavyoshikwa. Akiuliza neno la wakubwa, mjibu kwa kiasi chake. Usimfanye mgeni kwao, maana mgeni hafundishwi kitu, anapewa kiti tu. Na unachokijua wewe, hata kama unakiona kidogo, hata kama hakiko kwenye mtihani, kiseme. Usione haya mbele ya vitabu kama Bibi yangu. Ukijiona umekosea mbele ya mwanao, mwendee siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, hata kama hujui utasema nini.

Sina zaidi. Mungu akujalie mtoto anayeuliza, akujalie na subira ya kumjibu. Ampe macho ya kusoma kilichoandikwa na macho ya kuona kisichoandikwa. Na njia zote atakazopita, ziwe za karibu au za mbali, azipite akijua kwamba nyumbani ana mahali pake. Amina, mwanangu. Nenda ukamwite.