Sikio la Pili la Brashi

Ukimuuliza Brashi alijifunzia wapi kuchora, jibu lilitegemea umevaa nini. Wenye suti waliambiwa alifundishwa na upepo na vumbi. Ukweli ni kwamba alifundishwa na mjomba wake, mwandika mabango mwenye kibanda nyuma ya duka la vyuma.

Kwa herufi, mjomba alikuwa fundi hasa. Mstari alioupiga kwa mkono mtupu ulinyooka kuliko wa rula. Lakini kwenye sura za watu alikuwa na mtu mmoja tu: bwana aliyegeuza uso kushoto, mwenye sikio moja. Bwana huyo alinyolewa kwenye bango la kinyozi, aling'olewa jino kwenye la daktari wa meno, na kwenye la bucha alishika kisu akitabasamu. Brashi alimnakili kwa miaka minne. Siku alipouliza sikio la pili liko wapi, mjomba alimjibu kuwa liko upande wa pili, na rangi inakauka.

Kisha akapita mama mmoja mgeni, miwani kichwani muda wote, msimamizi wa jumba la sanaa huko ng'ambo. Alilikodolea macho bango la bucha, nakala ya mkono wa Brashi, mpaka mwenye bucha akadhani anataka maini. Miezi miwili baadaye Brashi alikuwa ndani ya ndege, mkoba wake wa rangi mapajani.

Alikwenda kusoma, au ndivyo alivyomuaga mama yake. Chuoni, kila aliposhika penseli ajaribu sikio la pili, mwalimu alimzuia asije akaharibu kipaji. Kisha yule mama wa miwani akamzungusha na picha zake mji hadi mji, na katika mji wa pili gazeti liliandika kwamba sikio lile lililokosekana ni kilio cha watu wasiosikilizwa. Walipofika mji wa tatu, Brashi mwenyewe alikwisha kuamini, na alikuwa akitokwa na machozi kidogo anapolieleza. Vitu alivyojifunza hasa ni kuvaa skafu wakati wa joto na kunyamaza kwanza kabla ya kujibu hata salamu.

Aliporudi, alifanya maonyesho katika ukumbi wa maktaba: picha thelathini, watu wote wanatazama kushoto kama wanaosubiri basi. Alihutubia kwa nusu saa. Mjomba, shati limepigwa pasi, alizipitia picha zote mikono nyuma, kisha akamsogelea.

"Mjomba," alisema, maana ndivyo walivyoitana wote wawili, "hata huko hawakukufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Sikio. Mimi lilinishinda. Nikajua wewe utalipatia huko."

Brashi aliivua skafu, akaikunjakunja mkononi. Alijiona mjinga, tena mjinga aliyepanda ndege mara sita.

Asubuhi yake alikwenda kwa dada yake, mshona nguo, akamwomba ruhusa ya kumchora uso kwa mbele huku dada akishona. Sikio la kwanza lilitoka kama mshikio wa kikombe. La tano lilikuwa kubwa kuliko shavu.

"Kama hilo ni langu," dada yake alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani, "nipeleke hospitali."

Ilimchukua wiki saba. Alipolipata, kwa furaha aliituma picha ng'ambo. Yule mama wa miwani alimjibu kwa masikitiko kwamba amepoteza nafsi yake, na kwamba maonyesho ya mwisho wa mwaka amepewa kijana mmoja wa kwingineko asiyejua kuchora miguu.

Brashi alinuna siku mbili tatu, kisha akachukua kazi ya kuchora ukuta wa kliniki ya wajawazito. Huko wakosoaji hukaa kwenye benchi tangu asubuhi, wala hawana haraka. Juzi mmoja wao, mama wa watoto watano, alimwambia kichanga pale ukutani hakijashikwa shingo, kitaanguka. Brashi alirudi nyuma hatua mbili, akatazama, akaona ni kweli. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kuufuta mkono uliokibeba kichanga.