Nilivyomnyanyulia Butoyi Bendera

Siku yangu ya kwanza kazini nililia, na wala sikulia kwa furaha. Nilikuwa binti wa Ujiji niliyezoea joto la kando ya ziwa, wakanipanga shule ya msingi huko Kalinzi, juu milimani, ambako baridi ya asubuhi inakung'ata masikio. Gari liliniacha njiani. Nikapanda kilima kwa miguu, sanduku kichwani, viatu vimejaa tope. Mwalimu Mkuu, bwana mfupi ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, alinikagua kuanzia juu mpaka chini.

"Sauti unayo?" akaniuliza.

"Ninayo, Mwalimu."

"Mabega naona unayo. Basi utafundisha sayansi, na michezo yote ni ya kwako. Aliyekuwa nayo amehama."

Ndivyo nilivyoingia kwenye riadha, nyie waamuzi vijana mnaoniuliza kila siku. Hakuna cha ndoto wala nini. Aliyekuwa nayo alihama.

Kesho yake asubuhi watoto walinijia mmoja mmoja, wanapinda magoti, wanapiga makofi polepole na kusema "Mwakeye", ndiyo salamu ya asubuhi kwa Kiha. Mimi mtu wa mjini nikaona wananichelewesha. Nikawaambia waache makofi yao wakimbilie mstarini. Mwalimu Mkuu akaniita pembeni.

"Usiwazuie," akasema. "Huku mtoto akimpa mkubwa mgongo bila kumpigia makofi, amemtukana. Wakikupigia, wewe simama upokee."

Nikasimama nikapokea, miaka yote niliyokaa pale, na ilikuwa mingi.

Aliyenitia kwenye uamuzi wa michezo ni Afisa Michezo wa Mkoa. Alikuwa mtu wa kuletwa, mwenye maneno mengi, na siku moja alifika shuleni na gunia la vifaa: tufe, kisahani, na kitu kingine ambacho sote tulidhani ni nanga ya mtumbwi. "Hii ni nyundo," akatuambia. Tukacheka. Nyundo ya riadha haina mpini wala haigongi msumari. Ni tufe la chuma, la wanawake lina kilo nne, limefungwa kwenye waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kishikio. Mrushaji anaingia kwenye duara la saruji, anaizungusha juu ya kichwa, halafu anazunguka yeye mwenyewe mara tatu au nne, ndipo anaiachia. Duara linazungushiwa kizimba cha wavu, ili ikimponyoka isiue mtu.

Afisa aliondoka na gunia lake, lakini watoto walishaingiwa na hamu. Tukafunga jiwe ndani ya kipande cha wavu mkuukuu wa dagaa, tukaunga kamba, tukachora duara kwenye udongo, wakawa wanarusha kuteremka mashamba ya kahawa.

Butoyi alikuwa darasa la sita. Ni jina la pacha wa pili. Wa kwanza alifariki mchanga. Alikuwa mnene wa mikono, mzito wa maneno, anatembea akitazama chini. Alipozunguka na lile jiwe, walimu walitoka ofisini kutazama. Liliipita mibuni, likaipita njia, likaangukia kwenye mihogo ya jirani, na jirani akaja juu kwa hasira kweli kweli. Butoyi akampigia goti, akampigia makofi ya kumwomba radhi, mpaka yule baba akaishiwa ukali na kumrudishia jiwe lake. Adabu ile hakuna aliyemkumbusha. Ilikuwa inamtoka yenyewe kama pumzi.

Baadaye nilihamishiwa Mwandiga. Yeye akasoma sekondari, kocha mmoja akamwona, akamchukua Dar es Salaam. Mimi, kwa kusukumwa na yule Afisa, nikafanya mtihani wa waamuzi nikafeli, nikarudia nikafaulu, na kazi yangu ikawa mwamuzi wa duara.

Sikilizeni hapa, maana wengi wenu mnaharibu. Watu wote uwanjani wanatazama nyundo ikipaa. Mwamuzi wa duara hana ruhusa hiyo. Yeye anatazama miguu. Mrushaji asikanyage ukingo wa chuma. Asitoke mpaka nyundo iguse ardhi. Na akitoka, atokee nyuma ya mistari miwili myeupe iliyochorwa kulia na kushoto kwa duara. Akitokea mbele ya mistari hiyo, hata kwa ncha ya kiatu, mrusho umekufa. Ukiwa halali unanyanyua bendera nyeupe, ukiwa faulo unanyanyua nyekundu. Wapo wanaosema kanuni ya kutokea nyuma ni ya kijinga, kwa sababu nyundo imeshatua na mtu hawezi kuirudisha. Siku hizi hata mimi naiona ya kijinga. Lakini ndiyo kanuni.

Nilisimama kwenye mashindano ya wilaya, ya mkoa, ya taifa, na miaka michache kabla ya kustaafu nikaitwa Dar es Salaam kwenye mashindano ya kimataifa, nchi za ukanda wetu. Mwamuzi Mkuu alikuwa mwanajeshi mstaafu, suruali yake imenyooka kama imetoka kwenye pasi dakika ile. Alitukusanya asubuhi akatuambia: "Mwamuzi haongei na mrushaji. Hamsalimii, hamchekei. Ukishika bendera, sahau mlikotoka."

Nikanyoosha mkono. "Mzee, kuna binti mmoja kwenye nyundo nilimfundisha darasani."

"Nchi hii mmefundishana wote," akanijibu. "Simama mahali pako."

Nikasimama. Warushaji walipotolewa kwa mstari, Butoyi alikuwa wa nne, amevaa fulana ya taifa, na mkononi ana ile glavu inayokatwa vidole. Akaniona. Jamani! Uso ule ulifunguka, magoti yakaanza kupinda, mikono inakutana. Kocha wake akamkemea kutoka nyuma ya uzio: "Achana na waamuzi!" Na mimi nikageuza uso. Kwa pembe ya jicho nikamwona anashusha mikono.

Basi tukakaa hivyo mchana mzima. Mwalimu wake niko hapo pembeni ya kizimba, na yeye hajaniamkia. Nyie mnaotoka milimani mnajua jambo hilo linavyomkaa mtu shingoni.

Kilichokuwa kinagombaniwa kila mtu alikijua, maana yule kocha hakuwa mtu wa kunong'ona. Timu moja ya askari ilikuwa imemwahidi Butoyi: leta medali, ya rangi yoyote, tunakuandikisha kazi. Akikosa, kocha mwenyewe hana tena pa kumweka, arudi kwao. Alikuwa na umri ambao ukirudi kijijini, umerudi.

Mrusho wake wa kwanza ulipiga wavu wa kizimba. Wa pili ulikuwa halali, ukamweka nafasi ya nne. Akabaki hapo hapo, ya nne, raundi baada ya raundi. Kila akimaliza alitoka kwa nyuma vizuri kabisa, kichwa chini, nami nikanyanyua bendera nyeupe bila kumtazama usoni.

Ukaja wa sita, wa mwisho. Akaingia, akafuta soli za viatu. Akaizungusha nyundo kichwani, akaanza mizunguko, na miguu ile, miguu niliyoijua tangu ikiwa pekupeku kwenye udongo wa Kalinzi, ilizunguka bila kosa hata moja. Akaachia na ukelele. Sikuitazama nyundo. Niliusikia uwanja. Watu waliguna kwanza, halafu wakalipuka, nikajua imekwenda mbali kuliko zote za mchana ule, au karibu na hapo. Yeye akasubiri ndani ya duara. Akasubiri mpaka ikatua. Wallahi alisubiri.

Halafu akanigeukia.

Kazi ilikuwa imekwisha, hana tena wa kumkemea, na mwalimu wake alikuwa hajaamkiwa tangu asubuhi. Akaja kwangu anacheka, magoti yamepinda, mikono inapiga makofi polepole, yale ya kule nyumbani. "Mwalimu, shikamoo." Na katika kuja kwangu, mguu wake wa kushoto ukatoka nje ya duara mbele ya mstari mweupe.

Niliuona. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa amemezwa na kelele, anatazama kule nyundo ilikotua. Hakukuwa na kamera ya kurudia kitu. Nilikuwa na bendera mbili, moja kila mkono, na sikuitikia salamu yake. Nikanyanyua nyekundu.

Makofi yake yalikatika. Mikono ikabaki imekutana kifuani, ametulia anatazama bendera, kisha ananitazama mimi. Uwanja ukazomea. Kocha akaruka uzio anapiga kelele kwamba mimi ni mchawi. Mwamuzi Mkuu akaja kwa hatua zake za kijeshi.

"Umeona nini?"

"Ametokea mbele ya mstari."

"Mwenzako hakuona. Mimi nilikuwa natazama nyundo." Akasogea, akapunguza sauti. "Neno lako ndilo litakalokwenda. Una uhakika, Mwalimu?"

Leo nikiwa nimelala naisikia sauti ile. Ilikuwa ya upole. Sijui hata sasa kama alikuwa ananiuliza au ananifungulia mlango.

"Nina uhakika," nikasema.

Butoyi akamaliza wa nne. Jioni Mwamuzi Mkuu alinipa mkono mbele ya wote, akasema waamuzi kama mimi ni wachache. Nilitamani anitukane. Nikaitwa kwenye mashindano mengine mawili baada ya hapo, nikaenda, nikatazama miguu ya watu, kisha nikarudisha bendera na kustaafu.

Niliwahi kupanda Kalinzi kwa baba yake. Alinipa kiti, akanipa kahawa. Mwisho akasema, "Mwalimu, sisi ndio tuliomfundisha kuamkia wakubwa. Na wewe ulimfundisha." Hakusema kwa ugomvi. Nilimaliza kahawa ile sijui hata ilikuwa na ladha gani.

Sasa naishi Ujiji, nyumba ya marehemu mama yangu, magoti yananiuma. Vijana wa mkoa wananijia kuuliza kanuni na nawaeleza vizuri, maana kazi naijua. Wakiniuliza kama nilifanya haki, nawaambia ndiyo. Ningesimama pale kesho, ningeinyanyua tena ile ile. Hiyo ndiyo sehemu inayoniumiza zaidi. Ningekuwa nimekosea, ningeomba msamaha nikapumzika.

Butoyi anauza dagaa sokoni Mwanga, hapa hapa mjini kwetu. Ameolewa, mwili umemjaa, na mikono ile inanyanyua gunia la dagaa peke yake. Mimi nanunua kwake. Ningeweza kununua kwa mwingine, ila naona kupita pembeni ni woga. Kila nikifika ananiamkia, "Shikamoo Mwalimu," sauti nzuri, heshima zote. Ila hapigi makofi. Mikono inabaki kwenye dagaa. Wateja wengine wazee, kutoka milimani, nawaona anawapigia.

Wiki iliyopita soko lilikuwa limepoa, nikashindwa kujizuia.

"Butoyi, siku ile. Ulijua mguu umetoka?"

Hakujifanya kutoelewa. Aliendelea kuchambua takataka kwenye dagaa.

"Nilijua, Mwalimu. Mguu ulipogusa nje tu, nikajua."

"Sasa mbona ulikuwa unacheka bado?"

Akafikiri. "Nilikutazama wewe. Nikasema, aliyeona ni mwalimu peke yake." Akanifungia dagaa zangu kwenye gazeti, akakunja vizuri, akanipa kwa mikono miwili. "Sikuogopa kabisa. Niliona ni wewe."

Nikapokea dagaa. Jibu nililokuwa nalo ni kanuni tu, na kanuni anaijua.

"Salimia nyumbani," nikasema.

"Zimefika, Mwalimu."

Kisha akageuka, akanipa mgongo wote bila makofi, akapita katikati ya magunia na kutokea nyuma ya kibanda, kama mrushaji anavyotakiwa kutoka.