Kongamano la Dar na Redio ya Mama Yoranda

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yako asinisikie. Umeniletea habari ya kongamano la teknolojia huko Dar, tiketi yake inameza miezi mitatu ya kazi yako ya kutengeneza simu, ukaniuliza kama inafaa. Tangu uniulize sina raha. Kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, Kigoma imefurika watu. Nilikuwa fundi redio hapa hapa Kasingirima, Ujiji, kijana mwenye mikono myepesi na kichwa kikubwa. Redio siku hizo haikuwa ya muziki tu. Kila wiki yalisomwa kwa Kirundi majina ya waliopotezana njiani, na kambi walizofikia. Mama Yoranda, Mrundi aliyehifadhiwa na familia moja ya Mwandiga, aliniletea redio yake imekuwa bubu. Binti yake Yoranda alimponyoka mkononi kwenye msongamano wa wakimbizi pale Kagunga, mpakani. "Fundi, nisaidie mbio," aliniambia. Nikamwambia aje kesho kutwa.

Jioni ile ile nikapata habari ya kongamano la mitambo ya kisasa, huko huko Dar. Kiingilio kilikuwa ghali, nikauza baiskeli. Sasa, sisi mafundi wa Ujiji tulikuwa na desturi: ukisafiri, vyombo vya watu unamwachia fundi jirani amalizie. Jirani yangu alikuwa Fundi Shabani. Nikaogopa atanichukulia wateja. Nikafunga kibanda, ufunguo mfukoni, asubuhi nikapanda treni.

Tulipofika Tabora ndipo nikakumbuka: redio ya yule mama! Nikajipoza kwamba siku chache si kitu. Ukumbini maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, kiyoyozi kinanitetemesha, na mimi sikutoka nyumbani na swali hata moja. Nisiseme uongo, wakati wa chai nilimuuliza fundi mmoja wa Mbeya namna ya kupima transista, akanionyesha, na hilo limenilisha miaka. Kuuliza si ujinga. Yaliyobaki yote yalipita juu ya kichwa changu.

Nikarudi na kitambulisho cha kongamano kinaning'inia shingoni, makusudi, watu wakione. Mlangoni mwa kibanda nikamkuta Mama Yoranda amekaa chini, Fundi Shabani amesimama pembeni. Yule mama alikuwa amekuja kila siku.

"Juzi wamesoma jina la Yoranda," akasema. "Majirani wamesikia jina. Kambi hawakuishika."

Nilifungua redio pale pale. Waya mmoja tu ulikuwa umeachia. Nikauchomea kwa risasi ya kulehemu, ikaongea, kabla hata jasho halijanikauka. Akaipokea kwa mikono miwili, akakitazama kile kitambulisho kifuani pangu.

"Weye ulikwenda kuwasikiliza wakubwa, Fundi. Miye nilitaka kusikia jina moja tu."

Sijawahi kuona aibu vile. Kila wiki nikawa nakwenda Mwandiga kusikiliza naye, roho juu, tunashika pumzi kila msomaji anapoanza jina jipya. La Yoranda halikurudi. Kisha wakimbizi waliokuwa vijijini wakahamishiwa makambini, naye akapandishwa lori, redio kwapani. Kama alimpata binti yake, sijui. Hadi leo sijui, na ndiyo maana naogopa ukinitajia tiketi.

Lakini sikukatazi, mwanangu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema usiutazame msala. Kama una swali linalokusumbua mezani pako, na huko yupo wa kulijibu, lipa uende, na umfuate hadi kwenye chai. Kama unakwenda ili urudi na kamba ya kitambulisho shingoni, baki. Na kwenda au kutokwenda, kwanza rudisha simu za watu, au mpe jirani yako, hata kama humpendi. Hujui ndani ya simu ile nani anasubiri kupigiwa. Kitu cha mtu ni amana, na majuto ni mjukuu. Wangu ninaishi naye.

Mungu akufungulie riziki ya halali, mwanangu, akupe sikio la kumsikia aliye mlangoni pako kabla ya walio mbali. Na mama yule, popote alipo, amkutanishe na mwanawe. Amina.