Sista wa macho anayefunga vidonda vya miguu

Saa tatu asubuhi Teresia Machage amepiga magoti mbele ya mguu wa mzee aliyekanyagwa na ng'ombe. Anaosha kidonda, anakifunga bendeji, anamwambia mzee arudi Ijumaa. Katika mfuko wa sare yake kuna kitochi kidogo cha kukagulia macho. Hutembea nacho kila siku, na leo hajakiwasha.

Teresia ni muuguzi wa macho. Alisomea, akafaulu, akapewa cheti. Katika kituo hiki cha afya wilayani Tarime, ambacho ameomba tusikitaje, hakuna mwingine mwenye ujuzi huo. Kwa hiyo wamempanga kufunga vidonda vya miguu.

"Mwezi uliopita nilikuwa chanjo," anasema bila kuinua kichwa. "Kabla ya hapo, wodi ya wazazi. Macho nayaona nikijitazama kwenye kioo."

Hapa wauguzi huzungushwa kila mwezi. Ratiba ya zamu hubandikwa kwenye mlango wa metroni, na kila mtu huenda alikopangwa, hata awe amesomea nini. Inasemekana inasaidia kila muuguzi ajue kila kazi. Ni utaratibu wa siku nyingi na wengi wameshauzoea.

Chumba cha macho kipo. Kina kiti, chati ya herufi ukutani na mashine ya kukagulia jicho iliyoletwa na wafadhili. Tulipoomba kukiona, alitafutwa kwanza mwenye ufunguo, kisha tukasukuma maboksi ya vyandarua ndipo tukapata pa kukanyaga. Mashine imefunikwa kanga ili isiingie vumbi. Kanga yenyewe ni ya Teresia.

Masomo hayo hayakuwa ya bure. Mumewe, Nashoni, aliuza ng'ombe wawili, na katika familia ya wafugaji jambo kama hilo halisahauliki upesi.

"Mama mkwe mpaka leo ananiuliza, mwanangu, wale ng'ombe wamezaa?" Teresia anasimulia, na hapo ndipo anapocheka kidogo. "Nimjibu nini? Mshahara ni uleule, kazi ni ileile."

Mwenzake, Revocatus, alikuwa ameshaanza kuulizia nafasi ya kusomea utoaji wa dawa za usingizi kwa wanaopasuliwa. Ameachana nayo.

"Nilimwangalia Teresia nikasema hapana," anasema. "Nihangaike chuoni, niache watoto, halafu nirudi nichome sindano zilezile? Cheti cha kutundika sebuleni sikihitaji. Nina kalenda."

Teresia mwenyewe hakubali kwamba cheti hakina maana, na hilo ndilo linalomtesa. Kingekuwa hakina maana angeshasahau.

"Zamani jicho jekundu kwangu lilikuwa jicho jekundu tu. Ninampa mtu dawa ya matone, basi. Sasa nikiangalia najua lipi linaweza kusubiri kesho na lipi haliwezi. Hilo hawawezi kunivua kama sare."

Ukimtajia Nchagwa, sauti yake inabadilika.

Nchagwa ni mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Nyangoto. Alikuwa akiponda mawe, kipande kikamrukia jichoni. Kwenye machimbo yao mtu akiingiwa na kitu jichoni hukimbilia kwa Mama Saida, mama lishe, ambaye hulifumbua jicho kwa vidole na kulipitishia ulimi. Kwa vumbi, vijana wanaapa kwamba inasaidia. Kipande cha Nchagwa kilikuwa kimejichomeka kwenye weusi wa jicho, kikagoma.

Akaja kituoni. Mapokezi wakamwambia wa macho hayuko zamu, aende Musoma. Nauli hana, akarudi kwa Mama Saida akalambwa tena. Alipokuja mara ya pili jicho lilikuwa limevimba na kutoa usaha. Leo lina kovu jeupe katikati.

"Naona moshi tu upande huu," anasema Nchagwa. "Mawe naponda kwa kukisia."

Siku ile ya kwanza Teresia alikuwa kazini, nyuma ya ukuta wa mapokezi, akichanja watoto.

"Ukuta mmoja," anasema. "Ningekitoa kabla chai yangu haijapoa. Yule mama hana cheti chochote, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mwezi huu acha macho, nenda kang'oe meno."

Tulikwenda kwa metroni, Mama Wegesa, tukiwa tayari kumkasirikia. Hata hilo likatushinda.

"Nina wauguzi saba," alisema. "Teresia akikaa kwenye macho, wazazi wabaki na nani? Mama akifa nitaulizwa mimi. Jicho likipofuka nitaulizwa mimi. Niambieni nyie mnaoandika, nichague lipi?"

Akarudi kwenye ratiba mpya iliyokuwa mezani kwake.

Wakati huohuo hospitali moja binafsi ya Mwanza inamtaka Teresia kwa kazi ya macho tu, mwaka mzima. Amewaomba wasubiri ratiba mpya. Akipangwa tena mbali na macho, anahama, na mashine ile itabaki na kanga yake.

Ratiba inabandikwa mchana huu, Jumanne, tukiwa bado hapo. Teresia anaisoma huku amekunja mikono. Amepangwa tena chumba cha vidonda. Chini yake metroni ameongeza kwa kalamu: macho, Alhamisi.

Kabla hajasema lolote, Mama Saida anaingia getini akimshika mkono kijana aliyefunika jicho kwa kitambaa.

"Shikamoo mama," Teresia anamsalimu.

"Marahaba. Sista, huyu sijamgusa kwa ulimi. Tangu lile la Nchagwa, jiwe likigoma kutoka kwa maji, mtu namleta hapa." Anamgeukia kijana. "Toa kitambaa, mura, akuone."

Teresia anawaacha wenye vidonda kwenye benchi wakinung'unika. Anadai ufunguo. Anasukuma maboksi kwa goti, anafunua mashine, anamkalisha kijana na kumdondoshea dawa ya ganzi. Muda si mrefu anatuonyesha chembe ya jiwe kwenye pamba. Kijana anapepesa na kusema anaona.

"Basi niwe nawaleta lini?" anauliza Mama Saida.

"Alhamisi, mama. Ndiyo siku niliyopewa."

Mama Saida anafunga upya kanga yake kiunoni.

"Haya. Nitawaambia vijana waumie Alhamisi."

Teresia hacheki. Anasema jioni atawapigia Mwanza awaombe mwezi mmoja zaidi, na huo ndio wa mwisho. Anataka kumwomba metroni amwongezee na Jumatatu, kwa sababu machimboni wengi huumia mwisho wa wiki, na maboksi yahamie kwingine.

Kisha anarudi kwenye benchi la vidonda. Mwenye ufunguo anamfuata kwa nyuma akinyoosha mkono. Teresia ameshautia mfukoni, pamoja na kitochi.

"Vyandarua vyako viko salama," anamwambia. "Ukivihitaji, niite mimi nije nikufungulie."