Tulijenga nyumba ya nesi kwa matofali yasiyochomwa, na baba mkwe ndiye alikuwa mchoma matofali wa kijiji

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, lakini ule uzi wa juzi wa green building, yaani ujenzi usioharibu mazingira, na ajira za serikali umenishinda. Watu wanaongea kana kwamba hicho kitu kimeshuka na ndege mwaka jana. Wengine wanasema ni neema tupu, wengine wanasema ni ulaji mtupu.

Mimi sera ya namna hiyo imenilisha na imeniliza, ndani ya nyumba moja, mwaka mmoja. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu. Atakayesema ni chai, basi anywe taratibu isimuunguze.

Twende.

Ni miaka ile ya ruksa. Mashirika ya umma yanauzwa, watu wanapunguzwa kazi. Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye shirika moja pale Songea mjini, naye akapunguzwa. Tukafunga mizigo, tukarudi kijijini kwao upande wa Madaba.

Mliokuwepo mnakumbuka. Madukani kila kitu kipo, mfukoni hakuna kitu.

Kilichotupokea ni tanuru la baba mkwe. Yule mzee alikuwa mchoma matofali na mwashi, hakuna mfano wake pale. Nyumba zote zilizosimama vizuri kijijini ni mkono wake. Vijana wengi walikuwa wanakula kwake: wa kufyatua, wa kupanga, wa kukata magogo. Mume wangu naye akaingia humo humo.

Niseme ukweli pia, lile tanuru lilikuwa linakula msitu. Nilipoolewa, miti ya misuku ilianzia nyuma ya kanisa na watoto walikuwa wakiokota matunda yake, masuku, hapo hapo. Niliporudi, kuni za kupikia tu tulikuwa tunazifuata mpaka ng'ambo ya mto.

Basi, kiangazi hicho mzee kapanga tanuru kubwa, kalikandika, bado kuwasha tu. Akaja bwana maendeleo kutoka wilayani, kijana msomi mwenye heshima zake, akaitisha mkutano.

Akasema mambo mawili. Kwanza, marufuku kukata miti ya msitu wa kijiji kwa ajili ya matanuru. Pili, serikali inaleta mashine ya mkono ya kugandamiza udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Tofali halichomwi. Kitaundwa kikundi cha kazi chenye posho, wanaume kwa wanawake, na kazi ya kwanza ni nyumba ya nesi. Nyumba ikiwa tayari kabla ya kifuku, yaani kabla mvua hazijaanza, nesi analetwa. Isipokuwa tayari, nesi anapelekwa kijiji kingine.

Baba mkwe akasimama.

"Miaka yote mnatuambia tutoke kwenye nyumba za tope. Tumetoka. Leo mnaturudisha?"

Bwana maendeleo akaeleza habari za saruji na mvua na vyanzo vya maji. Alikuwa sahihi kabisa, lakini hakumjibu mzee. Kwetu sisi, tofali la kuchoma halikuwa tofali tu, lilikuwa ndiyo kuonekana mtu. Hiyo gharama sijawahi kuiona kwenye ripoti yoyote ya mradi.

Sasa, kwa nini suala la nesi lilikuwa zito? Mwaka wa nyuma wifi yangu, kitinda mimba wa huyo huyo mzee, alishikwa na uchungu akapakiwa kwenye baiskeli kupelekwa hospitali. Akajifungulia njiani. Mtoto hakuishi. Na wakati mkutano ule unafanyika, wifi alikuwa na mimba nyingine.

Mimi nikajiandikisha kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Mume wangu pia, kwa sababu mashine ilihitaji fundi. Nyumbani kukawa kugumu. Mnaelewa maana yake: tunalala kwa mzee, tunakula kwa mzee, na kazi yetu ndiyo iliyozima tanuru lake. Mama mkwe akawa anasalimia sufuria kuliko anavyonisalimia mimi.

Tukaanza. Tunachekecha udongo, tunachanganya, wanaume wawili wananing'inia kwenye mkono wa mashine, tofali linatoka zuri, limenyooka kama sabuni ya mche. Tukajiona.

Mwalimu wa mradi, aliyekuja na mashine, alituelekeza: funikeni matofali kwa nyasi, myamwagilie asubuhi na jioni, yasipigwe jua, ili saruji ikomae. Akaondoka zake.

Sasa kikundi kilijaa watu wa tanuru. Mtu aliyekulia kwenye tanuru, umwambie tofali bichi limwagiliwe maji? Kwao tofali lisipokaushwa vizuri linapasuka motoni, hilo wanalijua tangu utotoni. Wakafunua nyasi, wakayaanika juani kwa upendo kabisa. Hakuna aliyepinga, hata sisi akinamama tuliona ni sawa.

Ulipofika muda wa kuyabeba, yakawa yanamung'unyika mikononi kama mkate wa juzi. Rundo zima.

Kijiji kilicheka jamani! Ikapatikana na jina: "biskuti za serikali". Ukipita kisimani unaulizwa kama umebeba chai ya kuteremshia.

Vijana kadhaa wakakata tamaa wakaenda zao Tunduru kutafuta mawe ya thamani. Wengine hatukuwaona tena. Nao ni gharama hiyo, wakuu, tusiifiche.

Bwana maendeleo akaja, akatazama, hakutukana mtu. Akatuongezea saruji, akasema ni mara ya mwisho, ikiharibika tena mashine inaondoka. Safari hii akinamama ndio tukashika suala la maji. Asubuhi na jioni, ndoo kichwani, kutoka mtoni. Shingo zilituuma, lakini matofali yakakomaa. Ukiligonga linalia.

Tatizo likabaki moja. Nani ajenge? Waashi walikuwa wanafunzi wa baba mkwe, na hakuna aliyetaka kushika mwiko kwenye "nyumba ya tope" mzee akimtazama. Siku zikawa zinakwenda. Mawingu yakaanza kujikusanya. Wifi akaja nyumbani kusubiri kujifungua, tumbo limeshuka.

Mzee akawa anamtazama akipita uani.

Asubuhi moja tumefika eneo la ujenzi tukamkuta. Kamba, pimamaji na mwiko viko chini, yeye anazunguka msingi huku anasonya. "Huyu aliyepima pembe hii alikuwa mzima?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Mume wangu aligeuka pembeni akafuta macho, akasingizia vumbi.

Kwa wasiotufahamu: kwa kina mume wangu, mkamwana hamsogelei baba mkwe. Humpi kitu mkononi, humtazami usoni. Unaweka chini, unarudi nyuma, ndipo anachukua. Na wabeba matofali tulikuwa sisi akinamama, mimi nikiwa upande wa kwake. Basi nikawa naweka tofali, narudi nyuma, mzee anainama anaokota. Ukuta chini chini ilikuwa sawa.

Ukuta ulipopanda, akapanda jukwaani. Hapo pa kuweka chini hapakuwepo. Nikasimama na tofali langu, wenzangu wote wametulia wanatazama. Kwa mbali radi ikanguruma.

"Mkamwana," akasema bila kugeuka, "mvua haisubiri heshima zetu. Nipe mkononi."

Nikampa.

Akinamama waliguna, nikasikia kabisa. Jioni mama mkwe hakuniongelesha hata neno moja. Kesho yake tukaamka tukamkuta ameshatangulia mtoni na ndoo yake.

Bati la mwisho lilipigiliwa misumari mvua zikiwa zimeanza kunusanusa. Kisha zikaja kwelikweli. Lile tanuru la mzee ambalo halikuwashwa likayeyuka lote, likawa kilima cha tope, na hakuna ofisi iliyomlipa wala kumpa pole. Nyumba ya nesi haikutoa hata ufa.

Nesi akaja na sanduku lake. Wifi akajifungulia mikononi mwake, mvua inapiga bati, mama na mtoto salama. Yule mtoto leo ni mwalimu.

Nilichojifunza ni hiki. Sera ile ilituokoa, na msitu umerudi, misuku ipo, naringa nayo. Lakini iliokolewa na mzee ambaye yenyewe ilimfungia kazi bila hata kumwomba ushauri. Serikali ikimfungia mtu kazi kwa ajili ya wengi, imtafute huyo huyo wa kwanza, impe nafasi kwenye kazi mpya. Siyo imsubiri aje mwenyewe kwa uchungu wa mwanawe.

Baada ya mvua walikuja wageni kutoka wilayani na mkoani kuikagua nyumba ya nesi. Mmoja akaisifu sana, akasema hii nyumba ya mradi ni mfano wa kuigwa.

Baba mkwe alikuwa amekaa pembeni, mjukuu mapajani. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Mradi ulileta mashine. Nyumba tumejenga mimi na mkamwana wangu."

Sijawahi kupewa cheti maishani, wakuu, na sijakitamani tangu siku ile.

Haya, jukwaa ni lenu. Kama na kwenu ilipita miradi ya namna hii, andikeni: nani alipata, nani alilipa? Wa povu mnakaribishwa pia.