Mikono Isiyo na Kovu

Mwalimu wa kuchomelea vyuma alimpigania binti mmoja kufa na kupona ili ajiunge na darasa lake. Alimfuata baba yake nyumbani mara tatu, akaapa: "Mzee, nitamtunza kama mwanangu."

Binti akawa msichana pekee karakana nzima, na mwalimu akaitimiza ahadi kupita kiasi. Cheche zikiruka, alimvuta nyuma. Kiungo kikienda kombo, alikirekebisha mwenyewe, ilhali wavulana aliwafokea warudie mpaka waive. Huruma gani hiyo, jamani!

Binti alihitimu kwa vigelegele. Siku ya majaribio kiwandani akapewa mabomba mawili ayaunge. Akayatoboa yote mawili, akarudishwa nyumbani.

Sasa ni muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Juzi mwalimu aliingia kununua vijiti vya kuchomelea, akamkuta.

"Nisamehe, mwanangu. Sikutaka uumie."

Binti aliweka mikono yake juu ya kaunta. Ilikuwa laini, haina hata kovu moja.

"Wenzangu uliwaacha waungue, mwalimu," alisema. "Mimi mbona ulininyima?"